Maktaba Isiyo na Kitabu

Wakubwa wa kampuni ya simu waliamua tu: video za zamani zisifunguke tena. Humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mke wa mzee, nayo ilishaanza kumtoka masikioni.

Mkwewe, fundi wa kompyuta, alichukua misimbo ya bure mtandaoni akawa anajenga maktaba ya kuzifungulia. Kwenye mfumo wa Windows iligoma, akahamia ule wa Linux.

"Maktaba gani haina hata kitabu?"

"Ndivyo mafundi tunavyoita mkusanyo wa misimbo, baba. Haya, imekubali!"

Picha ilikuwa giza tupu. Sauti ya mwanamke ikaita, "Kitindamimba wangu, uko wapi?"

Mzee aliweka kidole kwenye spika iliyokuwa ikitetema.

"Si yeye. Mitambo yenu imemharibu. Jenga upya."

Jikoni, binti yake wa mwisho aliangusha sufuria.

"Abee, mama!"