Gego la Urithi

Uimara wa kizibo cha jino hupimwa miaka mia, ndani ya vinywa vya ukoo mmoja. Siku ya arobaini ya bibi yangu, tulipomaliza kugawana kanga zake, mpimaji alifungua kijisanduku. Kizibo kilichotolewa kinywani mwa marehemu hakikuwa hata na ufa.

“Bado miaka sitini,” alisema. “Nani anarithi?”

“Mimi,” nikawahi.

“Una umri gani, dada?”

“Arobaini na moja.”

Akatikisa kichwa. Shangazi Mwanate akamsogeza binti yangu Raya, wa miaka sita. “Huyu gego lake limeota juzi. Mama yake mwenyewe katuonyesha.”

“Lakini ni zima,” nilisema. “Halina tundu.”

“Hiyo ni kazi yangu,” alijibu mpimaji, akichomeka kekee kwenye umeme.

Raya, akidhani atasifiwa tena, akafungua mdomo.