Wino wa Bi Lụa

Kidole gumba cha Bi Lụa, muuza kambare, kilikuwa kimeshapakwa wino mwekundu, kimebakiza kugusa karatasi ya mkataba tu, ndipo macho yake yalipotua kwenye mstari wa mwisho, wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Bonyeza hapo, shangazi," alisema kijana wa kampuni ya kuwekeza pesa, shati lake jeupe pee. "Kizungu hicho kisikuumize kichwa. Ni habari za faida tu."

Nyuma ya Bi Lụa, wanawake wa soko zima la samaki walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na akiba yake kifuani. Hao hao ndio waliomcheka mwaka mzima alipokuwa akienda darasa la Kiingereza kule pagoda, kwenye hekalu la Wabudha. "Bibi mzima na daftari! Utawauzia kambare Wazungu gani?"

Lakini somo la saba lilikuwa la pesa, na mwalimu aliwaimbisha maneno yake mpaka makoo yakawakauka: mtaji, hatari, dhamana, hasara.

Akausoma ule mstari mara mbili. Kisha akaigeukia foleni, akautafsiri kwa sauti ile ile ya kunadia samaki:

"Hasara yote ni ya mwenye pesa. Kampuni haidaiwi kitu!"

Wanawake wakazikumbatia akiba zao.

"Hujaelewa, shangazi," kijana alinong'ona. "Hebu weka kidole, unawachelewesha wenzako."

"Unataka kidole?"

Akamvuta kwa tai, akakikandamiza kidole katikati ya lile shati jeupe, akakizungusha taratibu mpaka wino ukaisha.

"Haya, nimeshatia sahihi," akasema, akikisukuma kikopo cha wino kuelekea foleni. "Nani anafuata?"