Tumbo la Ndege

"Ukiulizwa, tuko Jeddah," bosi alimwambia asubuhi, wakiingia kwenye maonyesho ya ndege za zamani, hapa hapa Riyadh.

Nehemiah, dereva wake, hupenda ndege za vita kuliko chakula. Alipiga picha ya ndege moja ya kudondosha mabomu, iliyokarabatiwa ikang'aa, akaiweka kwenye status.

Sasa, garini, anaitazama tena. Kwenye tumbo la ndege lililosuguliwa kama kioo anaonekana bosi, mkono kiunoni mwa mwanamke asiyekuwa madam, mkewe.

Anaifuta haraka. Madam ameshaiona.

Kwenye kiti cha nyuma, simu ya bosi inalia. Anapokea, anasikiliza, anakata. Nehemiah anapapasa mfuko wenye ikama, kibali chake cha kukaa nchini.

"Lete simu yako," bosi anasema taratibu. "Na ikama."