Kigingi Mlangoni

Jana kigingi chekundu cha kuonyesha njia ya barabara mpya kilikuwa chini ya ukuta wa Shomvi, jirani wa Bi Saumu. Leo asubuhi alikikuta mlangoni pake, na barabara ikipita hapo nyumba itavunjwa.

"Mama, kigingi hakitembei," alisema mpimaji wa barabara aliyekuja na msaidizi wake.

"Hakitembei, mwanangu. Lakini udongo wake umetifuliwa."

Mpimaji aliinama, akaugusa. Shomvi alitoka na birika la chai, akamwita mpimaji kwa jina kama rafiki wa siku nyingi. Bi Saumu aliwatazama wote wawili.

Mpimaji hakuipokea chai. Alisimika darubini yake upya, akamtuma msaidizi na fimbo ya kupimia. Msaidizi aliupita mlango wa Bi Saumu, akaukaribia ukuta wa Shomvi. Mpimaji alikuwa bado hajainua mkono kumsimamisha.