Hedifoni za Sikudhani

Ukimpa fundi kitu, mwambie kazi yake, halafu umwambie airudie kwa mdomo wake. Mwanaidi hakufanya hivyo. Alimwambia fundi Mbwera mara moja tu kwamba mkanda wa kichwani wa hedifoni umekatika.

Hedifoni zenyewe hazikuwa hata na waya. Binti yake Sikudhani alizivaa kuzuia kelele, maana bila hizo hakukubali kuipita mashine ya kusaga aende shule.

"Njoo kesho, mama," fundi alisema siku tatu. Siku ya nne, asubuhi ya mtihani wa Sikudhani, mama na binti walikwenda wote wawili.

"Zilikuwa bubu kabisa!" fundi alijisifu. "Nimetia spika mpya na waya. Sikia muziki huo!"

"Na masponji yake?"

"Yale makuukuu? Yalikuwa yanaziba sauti. Nimetupa."

"Fundi, mimi nilisema mkanda."

"Aa, mkanda! Huo njoo kesho."

Mashine ya kusaga iliwashwa hapo jirani. Sikudhani akarudi nyuma. Mwanaidi akatua mkoba mezani kwa fundi, akamziba masikio kwa viganja vyake, wakaanza kwenda hivyo, mtoto mbele, mama nyuma, hatua fupi fupi, na watu wa foleni ya unga wakigeuka kuwatazama.