Sampuli za Bwana Shamba

Bwana shamba Pankras alikuwa amekuja tena, mfuko wa sampuli mkononi. Mektilda akasogeza kigoda chake mbali naye mpaka mgongo ukagusa ukuta. Adabu ni adabu. Mtu hakai bega kwa bega na mkwewe.

Mara ya kwanza alikuja kupima sumukuvu, kama alivyopita nyumba zote za Lituhi. Akachota mahindi, akasema bado yana unyevu, yataota ukungu, na sumu ya ukungu haiondoki hata ugali ukipikwa mpaka kesho. Sawa. Lakini kwa wengine alipita mara moja tu! Kwa Mektilda, mjane mwenye binti mrembo, haishi kurudi.

"Anamtaka Careen, shoga!" Mektilda alimnong'oneza jirani yake Kunigunda, akijizuia kucheka. "Mvi anazo kidogo, lakini mvi si ugonjwa."

Raha ikampanda kichwani. Nani ataoa kwenye nyumba ya mahindi yaliyooza? Akajenga kichanja, akaanika mahindi juu ya turubai, akayachambua punje kwa punje huku akiimba. Yenye ukungu akayafukia shimoni, hata kuku hawakuonja.

Tatizo lilikuwa mkwe mwenyewe.

"Careen, mwanangu, kaniletee mizani, nimeisahau ofisini," husema Pankras. Careen akiondoka tu, huyo, kigoda kinasogea! Anachambua mahindi pamoja na Mektilda, anasimulia vituko vya kwao hadi mama wa watu anacheka machozi yanamtoka. Akikumbuka adabu, anajifunika kanga usoni na kusogea pembeni. Naye Pankras anasogea. Mkwe gani huyu, jamani?

Jumapili baada ya misa wakaja wazee, mbele yao katekista Isidori. Mektilda nusura apige vigelegele kabla ya salamu.

"Shikamooni, wazee wangu! Karibuni, karibuni!"

"Marahaba. Mama, Bwana Pankras ametutuma. Ameona jiko humu ndani, anaomba aje aote moto."

"Careen!" Sauti ilimtoka hadi kwa Kunigunda. "Njoo, mwanangu, wazee wamekuja!"

Careen akatoka na kitenge kipya, akapiga magoti mbele yao, macho chini. Mzee Isidori akavua kofia.

"Vizuri umekuja, binti yetu," akasema. "Kwa kuwa marehemu baba yako hayupo, ruhusa tunaiomba kwako. Je, utakubali Bwana Pankras amwoe mama yako?"