Cherehani Kifuani

Maji ya mafuriko dukani yalikuwa yamefika kiunoni, na fundi wa nguo bado alikuwa ameikumbatia cherehani yake kama mtoto mchanga.

"Wifi, iache!" dada wa mumewe alipiga kelele kutoka mlangoni. Nyuma yake majirani walikuwa wameshikana mikono hadi kwenye ngazi za kanisa. "Nipe mkono!"

"Nikiiacha nitakula nini?"

"Utakula kwangu!"

Funguo za duka fundi hakuwahi kumwachia mtu, hata huyu wifi. Kila Jumapili aliimba kwamba Mungu anamtosha, kisha akatoka kabla ya ibada kwisha, akakague kufuli.

Ukuta wa nyuma ulilia. Meza ya kukatia vitambaa ilielea, ikamgonga ubavuni. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwenye chuma.

"Mimi sijui kuogelea," wifi alisema, akilia sasa. "Nimekufuata wewe, sikufuata cherehani."

"Ee Bwana," fundi alinong'ona.

Akafungua mikono. Cherehani ilizama bila kishindo. Mkono uliomdaka ulikuwa wa moto.

"Nimekushika," wifi alisema. "Twende."